Je, Ni Haki Kumtenga Mzee Akohoaye?

Katika komini ya Mangobo, mjini Kisangani, watu ni wengi na nyumba hukaribiana, hata usiku hauna siri. Mzee akikohoa, jirani husikia. Akikohoa usiku wa pili, jirani huja kumwuliza hali. Akikohoa mwezi mzima, watu huacha kuuliza, huanza kunong'ona. Hapo ndipo lizukapo swali limpasalo kila mwenye wazazi, awe wa mjini au wa kijijini: je, ni haki kumtenga mzee kwa sababu ya kikohozi chake?

Kwanza yafaa kujua kikohozi cha siku nyingi humtenda nini mzee. Humnyima usingizi, naye huamka amechoka kama aliyelima usiku kucha. Mbavu humwuma, sauti hukauka, chakula humpalia. Tena kuna taabu ambayo akina mama wazee huificha sana: mkojo huwatoka wakikohoa. Kwa aibu hiyo mama mzee haendi tena sokoni, wala matangani, wala kanisani, maana aogopa watu wasimgeukie. Hakuna aliyemfukuza, amejifukuza mwenyewe. Hivyo ugonjwa ulioanza kifuani humpokonya na wenzake pia.

Wengine husema: "Kumtenga ni busara, asije akawaambukiza watoto." Neno hili lina kweli ndani yake, halifai kudharauliwa. Kifua kikuu huenea kwa hewa. Mwaka 1882 Robert Koch, mganga wa Ujerumani, alionyesha kwamba chanzo chake ni kijidudu. Si laana, wala si jicho la mtu. Lakini si kila kikohozi ni kifua kikuu. Moshi wa kuni uliovutwa miaka mingi jikoni, tumbako, pumu, maji machachu ya tumbo yapandayo kooni, hata dawa fulani za shinikizo la damu, yote haya huweza kumkohoza mtu, nayo hayaambukizi. Apimaye makohozi ndiye ajuaye, anong'onaye hajui.

Basi, na yatenganishwe mambo mawili. Hofu si dhambi. Mzazi hupaswa kuwaogopea watoto wake. Lakini hofu isiyotaka kujua kweli hugeuka udhalimu. Nyumba yenye haki humpeleka mzee kituo cha afya, kikohozi kinapofikia majuma 2. Ikiwa ni kifua kikuu, matibabu yake kwa kawaida ni ya miezi 6, na dawa zikimezwa sawasawa, hatari ya kuambukiza hupungua upesi. Siku hizo za kwanza madirisha hufunguliwa, mzee hufunika kinywa kwa kitambaa, watoto hulala chumba kingine. Hiyo ni kinga. Bali kumwekea sahani mlangoni pasipo salamu, au kumwita mchawi kwa kuwa mjukuu naye amekohoa, hiyo si kinga. Ni kumzika mtu angali hai.

Mzee naye ana wajibu wake. Kuficha kikohozi kwa aibu si unyenyekevu, kwa maana anyamazaye huweza kuwaacha awapendao katika hatari. Aseme mapema, akubali kupimwa, amalize dawa zote hata akijiona amepona. Kwa kufanya hivyo yeye pia huitunza nyumba yake, ijapokuwa nguvu za kulima zimemwisha.

Amri ya nne haikuweka umri ambapo heshima ya wazazi hukoma, wala haikudai wawe na kifua kizima. Kila mtu alipokuwa mchanga alikohoa usiku, na mama yake hakumtoa nje. Aliamka, akamwegemeza begani hata kulipopambazuka. Deni hilo halilipwi kwa fedha. Hulipwa usiku, mzee akohoapo, mtu wa nyumba akaamka na kumwuliza: "Mama, nikuletee maji?"