Deni la Uwanja Uliofungwa

Kila unapozuka mjadala wa malipo sawa kwa wanasoka wa kike, jibu moja huwa tayari midomoni mwa wengi: alipwe anayeingiza. Wanaume wanajaza viwanja, wanaume wanauza jezi, haki za matangazo za wanaume ndizo zinazogombaniwa na kampuni za televisheni. Basi wao wachukue fungu nono, na wanawake wapewe kwa kadiri ya wanachokileta. Hoja hii haifai kudharauliwa. Si kila anayeisema anasukumwa na chuki, tena ina mtetezi mzito katika falsafa. Robert Nozick, katika kitabu chake Anarchy, State, and Utopia cha mwaka 1974, alimchukua mcheza kikapu Wilt Chamberlain akatutaka tufikirie hivi: watu milioni moja wanakuja kumtazama, na kila mmoja kwa hiari yake anatumbukiza senti 25 katika sanduku lenye jina la Chamberlain. Msimu ukiisha ana dola 250,000, na hakuna senti hata moja iliyotoka kwa asiyependa kuitoa. Nani kadhulumiwa hapo? Weka soka mahali pa kikapu na nguvu ya hoja itaonekana. Kombe la Dunia la wanaume la mwaka 2022 lilikuwa na zawadi za dola milioni 440. La wanawake la 2023, dola milioni 110. Mtetezi wa soko atasema pengo hilo ni hesabu ya mapenzi ya watazamaji, na mapenzi hayalazimishwi.

Lakini Nozick hakuishia hapo, na wanaoutumia mfano wake huliruka sharti lake zito kuliko yote. Kwake, haki ya mtu juu ya alichonacho ina nguzo tatu: kipatikane kwa njia halali, kihamishwe kwa njia halali, na pale ambapo moja ya hizo mbili ilivunjwa, dhuluma irekebishwe. Sanduku la Chamberlain ni la haki iwapo tu mlango wa uwanja ulikuwa wazi kwa wengine wenye kipaji. Kama wenye uwanja waliwafungia nje kwa miaka hamsini, kisha wakaketi kuhesabu senti, hesabu yao inaweza kuwa sahihi kabisa na haki isiwemo ndani yake. Anayetetea soko, kwa hiyo, hawezi kuanza simulizi mwaka 2022. Analazimika kwanza kueleza soko hili lilijengwaje.

Tarehe 26 Desemba 1920, Dick, Kerr Ladies, timu ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Preston, ilicheza na St Helens Ladies katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Walioingia walikuwa watu wapatao 53,000, na maelfu wengine walibaki nje kwa kukosa nafasi. Kiingilio kilichokusanywa kilizidi pauni 3,000, zote zikaenda kwenye misaada. Hakuna aliyeshurutishwa kununua tiketi siku ile. Haukupita mwaka: tarehe 5 Desemba 1921 chama cha soka cha Uingereza, FA, kilitoa azimio kwamba mchezo huu hauwafai wanawake, kikavitaka vilabu vyake visiwape viwanja. Tuitazame amri hiyo kwa karibu, maana ujanja wake umo katika kile ambacho haikukikataza. Haikumzuia mwanamke kupiga mpira. Ilimnyang'anya jukwaa, uzio na mlango wa kukusanyia kiingilio, yaani vitu vile vile vinavyougeuza mchezo kuwa kazi yenye kipato, ikamwachia viwanja vya pembeni. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka hamsini. Ujerumani Magharibi iliweka ya kwake mwaka 1955 na kuiondoa 1970. Brazil iliweka sheria mwaka 1941, wakati wa Getúlio Vargas, dhidi ya michezo iliyodaiwa kutopatana na maumbile ya mwanamke, na mlango haukufunguliwa hadi 1979. FIFA nayo ilianzisha Kombe la Dunia la wanaume mwaka 1930. La wanawake lilisubiri hadi 1991, na hata lilipofika, huko China, mechi zilichezwa kwa dakika 80. Katikati ya kusubiri huko, mwaka 1971, mashindano yasiyotambuliwa na FIFA yalifanyika Mexico, na fainali kati ya Denmark na wenyeji ikatazamwa na watu zaidi ya laki moja katika uwanja wa Azteca. Watazamaji walikuwapo kabla ya kufuli na walikuwapo kufuli lilipoanza kulegea.

Hapa ndipo fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, inapotupa mizani ambayo wachumi hawanayo. Mtu akipora nyumba ya mwenzake, kuirudisha tu hakumalizi kesi. Analazimika pia kulipa ujira wa mfano, kodi ambayo nyumba kama ile ingeleta kwa muda wote alioishikilia, hata kama yeye mwenyewe hakulala humo usiku mmoja. Kosa lake halipimwi kwa faida aliyoipata. Linapimwa kwa manufaa aliyomkosesha mwenzake. Wanazuoni wa Kihanafi walisita kumdai mporaji manufaa hayo, na hata hivyo waliokuja baadaye miongoni mwao waliyadai kwa mali ya wakfu na mali ya yatima, kwa sababu hizo ni mali zisizo na mtu wa kuzipigania. Kiongozi wa shirikisho la soka anafanana na msimamizi wa wakfu kuliko mwenye duka. Mchezo hakuununua kwa mtu. Amekabidhiwa kwa niaba ya watu wote wanaoucheza, na ndiyo maana anapewa peke yake mamlaka ya kuamua timu ipi ivae rangi za taifa. Msimamizi akifunga nusu ya nyumba ya wakfu kwa miongo mitano, kisha akaifungua na kusema chumba hiki hakina wapangaji, atajibiwa kwamba yeye ndiye aliyewafukuza.

Tena bei yenyewe ya soka la wanawake haikuwa ikijulikana. Kwa miaka mingi FIFA iliziuza haki za matangazo za Kombe la Dunia la wanawake kama nyongeza ndani ya furushi la wanaume. Ni kwa Kombe la 2023 ndipo zilipopelekwa sokoni peke yake kwa mara ya kwanza, na rais wa FIFA, Gianni Infantino, akalalamika hadharani kwamba vituo vya televisheni vya Ulaya vilikuwa vinatoa fedha kiduchu. Kilio chake kilikuwa cha haki. Ila vituo hivyo vilikuwa vimezoeshwa na FIFA yenyewe kuipata bidhaa hii karibu na bure.

Itapingwa kwamba waliofunga milango wamekufa, na wengi wa waliofungiwa nao wamekufa. Kwa nini wa leo wawalipe wa leo? Pingamizi hili lina uzito kwa mtu binafsi, halina kwa taasisi. FA iliyotoa azimio la 1921 ndiyo FA ya leo, kwa jina lile lile na vikombe vile vile, pamoja na urithi wa mashabiki waliopokezana mapenzi ya klabu kutoka kwa babu hadi mjukuu. Urithi huo ni mali, na kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi anajua kwamba madeni ya marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana kitu. Hakuna anayeruhusiwa kuchukua shamba na kuliacha deni. Wala haiwezi kusemwa kwamba tereka hii, yaani mali iliyoachwa, ni ndogo: katika miaka minne ya 2019 hadi 2022 FIFA ilikusanya zaidi ya dola bilioni saba. Na anayestahili kupokea ni yule ambaye hasara inamfikia mpaka leo, binti anayeingia ligi isiyo na wadhamini kwa sababu ilichelewa kuanza kwa nusu karne.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Ulaya na Brazil. Afrika inadaiwa nini? Mashirikisho yetu ni wanachama wa FIFA, hupokea fedha za maendeleo kwa jina la soka lote, na tabia ya kuwaweka wanawake mwisho yameirithi kikamilifu bila kuhitaji sheria. Desemba 2016 Super Falcons wa Nigeria walirudi Abuja na kombe la Afrika, wakagoma kuondoka hotelini, wakaandamana hadi Bunge wakidai posho zao. Julai 2023, siku chache kabla ya safari ya Kombe la Dunia, wachezaji wa Afrika Kusini walikataa kucheza mechi ya kuagwa dhidi ya Botswana, wakilalamikia malipo na uwanja mbovu wa Tsakane. Shirikisho lao liliokoteza kikosi kingine dakika za mwisho, akiwemo mtoto wa miaka 13, kikafungwa mabao 5-0. Mgogoro wa fedha ulikuja kutulizwa na mchango wa taasisi ya hisani ya tajiri Patrice Motsepe. Mwezi mmoja baadaye wanawake wale wale waliifunga Italia 3-2 huko Wellington, kwa bao la Thembi Kgatlana katika dakika za nyongeza, wakaingia 16 bora. Na Tanzania isisahau kwamba timu yake iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia la FIFA ni ya wasichana: Serengeti Girls, chini ya miaka 17, nchini India mwaka 2022, baada ya kuifunga Ufaransa 2-1.

Kinachosumbua zaidi katika tukio la Afrika Kusini ni kwamba ujira ulimalizwa kwa hisani. Mkono wa tajiri ulikuwa mwema, lakini viongozi wengi wa soka huzungumza hivyo hivyo siku zote: tunawainua akina mama, tunawasaidia mabinti. Injili ya Luka inamsimulia Zakayo, mtoza ushuru, akitenganisha hesabu mbili ambazo viongozi hawa huzichanganya. Nusu ya mali yake aliwapa maskini, na hiyo ilikuwa sadaka. Kisha, kando kabisa, aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Anayerudishiwa chake hapaswi kupiga magoti kushukuru.

Lipo pingamizi la ubora, na halihitaji muda mrefu. Ni kweli kwamba mwaka 2017 vijana wa FC Dallas wa chini ya miaka 15 waliwafunga wanawake wa Marekani 5-2 katika mechi ya mazoezi. Lakini wanaume wa Taifa Stars ya Tanzania nao wangefungwa na Manchester City, na hakuna anayependekeza posho yao ya kulitumikia taifa ikatwe kwa sababu hiyo. Bondia wa uzani mwepesi hampigi wa uzani mzito, na mkanda wake ni mkanda. Wapo pia wanaorudi nyuma zaidi na kuuliza kama mwanamke acheze hadharani hata kidogo. Ni swali la dhamira ya mtu, na Nouhaila Benzina wa Morocco alilijibu kwa namna yake alipocheza Kombe la Dunia la 2023 akiwa na hijabu. Shirikisho halina nafasi ya kujificha nyuma ya swali hilo. Lililomwita mchezaji kambini na kushangilia bao lake haliwezi kuukumbuka ucha Mungu siku ya malipo.

Pingamizi gumu ni lile la mahakama ya Marekani. Mei 2020 jaji aliitupa sehemu ya malipo katika kesi ya wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake, akisema kwamba katika kipindi kilichobishaniwa walikuwa wamelipwa zaidi kuliko wanaume, kwa jumla na kwa wastani wa kila mechi, na kwamba mkataba ule waliuchagua wenyewe. Takwimu zake zilikuwa sahihi. Ila wanawake wale walikuwa mabingwa wa dunia wa 2015 na 2019, na wanaume hata Kombe la 2018 hawakufuzu. Anayelazimika kuwa bingwa wa dunia ili apate sawa na asiyefuzu hajalipwa sawa. Mwaka 2022 shirikisho lilikubali suluhu ya dola milioni 24, kisha mkataba unaoziweka zawadi za Kombe la Dunia za timu zote mbili katika mfuko mmoja. Norway ilikuwa imetangulia mwaka 2017, pale wanaume walipokubali kuachia sehemu ya mapato yao ya kibiashara.

Hoja ya deni ina mipaka, na mipaka hiyo inaonyesha nani wa kudaiwa. Klabu ya Simba haidaiwi kumlipa mchezaji wa Simba Queens mshahara wa mshambuliaji wa timu ya wanaume kesho asubuhi. Klabu haikuandika marufuku, na shabiki anayechagua mechi ya kutazama hana kosa. Wadaiwa ni wasimamizi: FIFA, mashirikisho ya mabara na ya nchi. Kwa timu za taifa deni hilo ni posho na bonasi sawa, kambi sawa na usafiri sawa. Nchi maskini italipa sawa kwa kiwango kidogo, mradi ilipe kwa wakati na kwa wote. Katika mkutano wake wa Kigali, Machi 2023, FIFA ilijiwekea lengo la kusawazisha zawadi za Kombe la Dunia la wanaume la 2026 na la wanawake la 2027. La 2027 litachezwa Brazil, na itabidi tuangalie pia kama fedha zitamfikia mchezaji mkononi au zitakwama katika akaunti za mashirikisho, ambako nyingi zimekwama kabla.

Ujira wa mfano hukoma siku nyumba inaporudishwa kwa mwenyewe ikiwa kamili. Katika soka, siku hiyo itafika pale ligi za wanawake zitakapokuwa na viwanja vya kweli na matangazo yaliyouzwa kwa jina lake, na kizazi kizima cha wasichana kitakapokuwa kimekua kikizitazama. Ikiwa baada ya hapo watu bado watawapenda wanaume zaidi na kuwalipia zaidi, nitakubali kwamba soko limesema.