Mionzi na Mtoto Asiyeulizwa

Tangu mwaka 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya kichwa kwa mashine ya siti skani katika hospitali ya Atkinson Morley, London, chombo hicho kimeokoa watoto wengi. Hatuna neno la kukishutumu. Lakini hutumia eksirei, nayo humdhuru mtoto anayekua kuliko mtu mzima.

Sasa kimepatikana kipokezi kipya cha mionzi. Mashine za zamani hugeuza eksirei kuwa mwanga kwanza, kisha mwanga kuwa umeme, na njiani mengi hupotea. Mashine mpya, iliyopata kibali Marekani mwaka 2021, ina fuwele za kadimiamu teluraidi zinazogeuza eksirei kuwa umeme moja kwa moja na kuhesabu chembe zake moja moja. Hivyo picha safi yaweza kupatikana kwa mionzi kidogo zaidi. Tumshukuru Mungu aliyewajalia mabingwa akili hiyo.

Hata hivyo swali la haki halikuondoka. Mtu mzima aweza kuikubali hatari kwa nafsi yake. Mtoto mchanga hakuulizwa. Tena madhara haya hayana sura. Uchunguzi mkubwa wa nchi 9 za Ulaya, uliotangazwa mwaka 2023, ulikadiria kwamba kati ya watoto 10,000 wanaopimwa, mmoja au wawili watapata saratani ya damu kwa ajili ya mionzi hiyo katika miaka 12 ifuatayo. Ni yupi? Hakuna ajuaye, na hapo ndipo dhamiri husinzia. Tusingethubutu kumtwika ugonjwa mtoto tumjuaye kwa jina, bali yule asiye na jina twamwachia.

Je, twakosa? Sivyo, ikiwa kila mmoja wa hao 10,000 alipimwa kwa faida yake mwenyewe. Anayeshukiwa kuvuja damu kichwani na apimwe upesi. Kumchelewesha ni hatari kuliko mionzi. Lakini aliyepimwa ili daktari asilaumiwe, au (tuseme kweli) ili gharama ya mashine irudi, amebebeshwa mzigo kwa faida ya wengine, na udogo wa mzigo hauufanyi kuwa wa haki.

Twahofu kwamba mionzi ikipungua, vipimo vitaongezeka. Wazazi nao wana sehemu yao, maana wengi hudhani daktari asiyeagiza picha amewapuuza. Afadhali wamwulize: Je, picha hii itabadili matibabu ya mwanangu? Je, mashine imewekwa kwa kadiri ya mwili wake? Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba watoto walikuwa wakipigwa picha kwa kiasi cha mionzi cha watu wazima. Hapo haikuhitajika mashine mpya, ila mtu wa kukipunguza kiasi hicho, jambo liwezekanalo hata kwa mashine kuukuu.