Nani Amtuze Mpiga Kengele?

Wahenga wamesema, Mcheza kwao hutuzwa. Maana yake twaijua sote: mchezaji yumo katikati ya duara, jasho lamtoka, jamaa zake wamwona, na aliyefurahi humwendea na kumtuza. Lakini yule achezaye mahali pasipoonekana na jicho la mtu, atuzwe na nani? Na wale waliofurahishwa na kazi yake pasipo kuombwa hata senti moja, je, wana deni lolote kwake? Swali hili laweza kuulizwa juu ya kazi nyingi za watu. Leo twapenda kuliuliza juu ya ufundi mmoja ambao walionyesha waziwazi kuliko mwingine, yaani ufundi wa kupiga kariloni.

Kila msomaji wetu aijua kengele ya parokia. Hutuita Misani, hutukumbusha sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni, tena hulia polepole tunapomsindikiza marehemu. Sauti yake ni moja, nayo yatosha kwa kazi hiyo. Kariloni ni jambo jingine. Ni kengele nyingi, zisizopungua 23, zilizotungikwa pamoja mnarani, kila moja na sauti yake katika ngazi ya muziki, hata mtu mmoja aweza kupiga wimbo mzima kama apigavyo kinanda. Kengele hizo hazibembei. Zimetulia mahali pake, na ndimi zake zimefungwa nyaya ziendazo mpaka katika chumba kidogo. Humo mna safu mbili za vishikio vya mti, na chini yake kanyagio za miguu. Mpigaji huketi akavigonga vishikio kwa ngumi zilizofumbwa nusu. Akigonga kwa upole kengele hunong'ona; akigonga kwa nguvu mji mzima husikia.

Mji ulio maarufu kwa ufundi huu ni Mechelen, katika nchi ya Ubelgiji. Mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Rumbold una urefu wa mita 97, na ndani yake zimo kariloni mbili, kila moja yenye kengele 49. Iliyo kubwa kuliko zote yazidi uzito wa tani 8. Mpigaji hupanda ngazi mamia, akafanya kazi yake peke yake, kisha akashuka. Makofi hayamfikii huko juu. Huko chini mama ampitisha mtoto wake, mchuuzi afunga biashara yake, mzee amekaa kibarazani. Wote wapata fungu lile lile la wimbo. Hapana mlango wa kulipia, wala hapana kiti cha mbele kwa mwenye mali.

Ufundi huu haukupatikana kwa siku moja. Kengele moja hutoa sauti kadhaa kwa pamoja, na zisipopatana, wimbo huchukiza sikio. Aliyesaidia kuifumbua siri hiyo alikuwa kipofu, Jacob van Eyck wa mji wa Utrecht, mwenye sikio la ajabu. Ndugu wawili, François na Pieter Hemony, waliokuwa mafundi wa kusubu kengele, walifanya kazi pamoja naye. Na katika mwaka 1644 wakaufanyia mji wa Zutphen kariloni ya kwanza iliyopatanishwa sawasawa, kwa kukwangua shaba ya ndani ya kengele kidogo kidogo. Walipokufa ndugu hao, ujuzi wao ukafifia. Vizazi vingi vilipita, kengele zikisubiwa bila kupatana vema, mpaka miaka ya 1890 mafundi wa Loughborough katika Uingereza walipoupata tena. Tazameni basi: elimu iliyopatikana kwa taabu yaweza kupotea bila vita wala moto, kwa sababu tu hapana aliyejifunza kwa wakati.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwako Mechelen mtu aliyeitwa Jef Denyn. Baba yake alikuwa mpiga kariloni wa mji, akapofuka. Mwana akashika nafasi yake. Hakuridhika kurithi kiti tu. Alitengeneza upya mitambo ya nyaya ili mkono uweze kuiamrisha kengele vizuri zaidi, na mwaka 1892 akaanza kupiga Jumatatu jioni wakati wa kiangazi, ili watu waje makusudi kusikiliza. Waliozoea kupita chini ya mnara bila kuinua vichwa wakatambua kwamba walikuwa na hazina juu yao. Mwaka 1922 shule ya kariloni ilifunguliwa mjini humo, ya kwanza duniani, nayo hata leo hupokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali. Tena kuna jambo la kutufikirisha: baadhi ya waliosaidia kwa fedha kuianzisha walikuwa Wamarekani, watu waliokaa ng'ambo ya bahari, ambao wasingeisikia Mechelen kila jioni. Aliye mbali alikiri deni ambalo aliye karibu alikuwa hajalifikiri.

Wako watakaotupinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Wa kwanza atasema: penye njaa, kengele ya nini? Twakubali kwamba fedha ya dawa ya mtoto isinunue shaba. Lakini na tuangalie vema ni nani hupata hasara mnara unaponyamaza. Tajiri hununua tiketi akaingia ukumbini. Akitaka, hualika wanamuziki nyumbani kwake. Maskini hupata muziki wa ufundi mkubwa pale tu unapotolewa kwa wote. Anayeufuta kwa jina la maskini aangalie asije akawa amemnyang'anya maskini kile kilicho chake.

Wa pili atasema: mashine yaweza kupiga. Ni kweli, tena si jambo jipya. Tangu zamani minara hiyo ina pipa kubwa lizungukalo na kupiga wimbo mfupi kila saa. Lakini pipa halijui kwamba leo mji wazika mtoto, wala kwamba kesho ni arusi. Mtu ajua, naye hupiga kwa kujua.

Wa tatu atasema: sikio halina kifuniko, mimi sikuomba wimbo huu, nina mgonjwa nyumbani. Hoja hii ndiyo yenye nguvu, nayo yatufundisha kwamba deni lina pande mbili. Atoaye zawadi isiyoweza kukataliwa anawajibika kuitoa kwa adabu: kwa saa zifaazo, kwa kiasi, na baada ya kujifunza vema. Ndiyo sababu mwanafunzi wa kariloni hujizoeza kwanza kwenye vishikio vya chumbani, vilivyo na sauti ndogo isiyotoka nje, asiuchoshe mji kwa makosa yake. Mpigaji akitimiza wajibu wake hivi, wasikilizaji nao wana wajibu wao.

Na wasipoutimiza? Historia yatujibu. Katika vita kuu ya pili, watawala wa Ujerumani waliteremsha kengele za Ulaya zipatazo 175,000 ili shaba na bati yake itumike katika zana za vita, na kama 150,000 kati yake ziliangamizwa. Kengele iliyobatizia jina la kijiji na kulia juu ya makaburi ya mababu ilihesabiwa kwa kilo. Hatusemi kwamba wanakijiji wangaliweza kuwazuia wenye bunduki. Twasema kwamba hesabu ya kilo huanza mapema, hata siku za amani, pale watu wanapoacha kujua kitu chao ni kitu gani. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliitaja kazi ya Wabelgiji ya kuitunza kariloni kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi. Sifa hiyo ni njema, lakini sifa haipandi ngazi. Waya hukatika, kutu hula, mzee huchoka. Na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo twaona kwamba deni lipo, ingawa hapana wa kulidai. Hulipwa kwa namna tatu: kwa kusikiliza kwa moyo, kwa kuchangia matengenezo kadiri ya uwezo, na zaidi ya yote kwa kumfungulia kijana mlango wa mnara ili aone, ajaribu, na apende. Bila hiyo ya tatu, mbili za kwanza hazitadumu.

Neno hili halikomei Ubelgiji. Kwetu nako yuko anayeamka kabla ya jogoo kuvuta kamba ya kengele, yuko mwalimu wa kwaya anayekaa na watoto baada ya kazi yake, yuko mpiga kinanda aliyewapa waamini mgongo wake miaka mingi. Kazi zao twazila kama tunavyovuta hewa. Basi, akina baba na akina mama, jioni hii mkiwa mezani, waulizeni watoto wenu jina la mtu anayepiga kengele ya parokia yenu. Wasipolijua, jiulizeni ninyi wenyewe. Na ninyi msipolijua, Jumapili ijayo msiondoke kanisani kabla hamjamtafuta na kumwamkia.