Siri ya Mgonjwa na Mwili Mmoja



Siku ya arusi mliambiwa kwamba ninyi si wawili tena, bali mwili mmoja. Tangu siku ile wengi wetu tumeshika kanuni hii: kati ya mume na mke hakuna siri. Ni kanuni njema. Lakini je, inafika mpaka wapi?

Tuchukue mfano wa mke ambaye ni muuguzi katika wodi ya upasuaji, hapa Nairobi. Anaishi na mumewe Spring Valley, katika nyumba ya wafanyakazi iliyo uani kwa mwajiri wa mume, si mbali na barabara ya Lower Kabete. Usiku kucha amepima presha, amebadilisha dripu, amesafisha vidonda. Alfajiri humtayarisha mgonjwa wa kupelekwa thieta: huhakikisha jina lake, huuliza kama amekula chochote, humwomba avue meno ya bandia na pete. Mtu aliyevua pete yake ya ndoa, akiingojea saa ya kupasuliwa, mara nyingi huanza kusema. Humweleza muuguzi mambo ambayo hajamweleza mtu mwingine yeyote.

Alfajiri moja mgonjwa huyo ni shemeji yake, mdogo wa mumewe. Ana uvimbe tumboni. Anamwomba, "Shemeji, tafadhali usimwambie kaka. Nitamwambia mwenyewe." Mke anakubali, ananyamaza. Miezi mitatu baadaye mume anaipata habari kwa watu wa kijijini. Anarudi nyumbani na kusema, "Yule ni damu yangu, na wewe ni mwili wangu. Mwawezaje kunificha?" Juma zima wanakula bila kusemezana.

Ni nani aliyekosa hapa? Wewe mume unayesoma, usijibu haraka. Jirani akikuwekea fedha zake, je, utamgawia mkeo nusu kwa sababu ninyi ni mwili mmoja? Hutathubutu. Fedha zile ni amana. Hali kadhalika siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Muuguzi ameshikishwa tu, na mtu hawezi kutoa kisicho chake, hata kwa ampendaye kuliko wote. Wala haisaidii kusema, "Mimi simwambii mtu." Hata jirani mwaminifu hana haki ya fedha ambazo si zake.

Jambo hili si geni. Kiapo cha wauguzi kinachobeba jina la Florence Nightingale, kilichotungwa Marekani mwaka 1893, kinamtaka muuguzi atunze siri za wagonjwa na za jamaa zao. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inahesabu kuwa siri si ugonjwa na matibabu tu, bali hata kule kulazwa kwenyewe. Sisi Wakatoliki tungepaswa kuelewa upesi. Hatumwulizi padre aliyosikia kitubioni. Siri ya muuguzi haifungi kama ile, maana mgonjwa mwenyewe aweza kumruhusu aseme. Lakini mpaka aruhusiwe, imefungwa.

Basi, je, mke hana la kujifunza? Analo. Kwanza, asiseme uongo. Mumewe akimwuliza waziwazi, ajibu, "Hilo si langu kulisema." Jibu hilo linauma, lakini halivunji uaminifu, uongo huuvunja. Pili, asiishie kunyamaza. Alipaswa kumrudia shemeji na kumwuliza, "Uliahidi kumwambia kaka. Utamwambia lini? Ukitaka, nitakaa nawe siku hiyo." Kwa njia hiyo angaliilinda siri ya mgonjwa na pia undugu wao.

Tatu, asiifanye siri ya kazi kuwa ukuta. Jina la mgonjwa si lake, lakini uchovu ni wake. Hofu ni yake. Machozi ya usiku aliofiwa na mgonjwa ni yake. Hayo anaweza kumpa mumewe yote, bila kutaja jina, ugonjwa wala kitanda. Mke anayefungia ndani hata hayo, akisema "kazi yangu ni siri," anamnyima mumewe kilicho haki yake.

Nawe mume, jifunze kuuliza. Usimpokee mkeo mlangoni kwa kusema, "Leo mmemlaza nani?" Mwulize, "Leo umeamkaje na kazi?" Swali la kwanza linataka habari za watu, la pili linamtaka yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata, na wewe hukuoa mtungi wa wodi nzima. Ulimwoa mwanamke mmoja.

Hatusemi kwamba mume wa mfano wetu hakuumia. Aliumia kweli, na mke asimcheke wala asimharakishe. Lakini si kila maumivu ni dalili ya kosa. Mengine ni gharama ya kuishi na mtu mwaminifu. Fikiri: siku moja wewe ndiwe utakayelala kwenye kitanda kile, pete imevuliwa, ukisema yaliyo moyoni. Ungependa muuguzi wako awe mke wa namna gani?

Jioni ya leo, mkiisha kula, zimeni redio mzungumzie swali hilo.