Kiti cha Pweza na Ilimu ya Majina

Maji ya bamvua yapwapo, na pwani ikaachwa wazi hata karibu na mwamba wa nje, wanawake hushuka na vijiti vyao kuchokoa pweza, na njiani mwao, juu ya majani ya bahari yaliyolala kwa kukosa maji, hupita kando ya viumbe vyenye ncha tano, vya rangi ya kijivu, vilivyopambwa kwa vinundu vyekundu kama matone ya lakiri, wala hapana ainamaye kuvitazama, kwa kuwa haviliwi. Viumbe hivyo twaviita viti vya pweza. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza bibi yangu, aliyekuwa mchokoaji hodari, kama ni kweli pweza huvikalia, naye akanijibu ya kwamba katika umri wake wote hajapata kumwona pweza akikaa kitini, lakini jina amelikuta kwa waliomtangulia, na waliolitoa hawakulitoa bure. Jawabu lile limekaa moyoni mwangu kuliko mengi niliyosomeshwa, kwa sababu ndani yake mna mas'ala iliyowahangaisha wenye hekima tangu kale: tukipapo kitu jina, na kukitia pamoja na vingine chini ya jina hilo, je, twalikiri jambo lililomo katika maumbile yake, au twajifanyia tu masanduku ya kuwekea mawazo yetu?

Waislamu wameipokea khabari ya kwamba Mwenyezi Mungu alimfundisha Adamu majina yote, na malaika walipoulizwa wakakiri kuwa hawana ilimu ila ile waliyofundishwa. Na Mayahudi na Wakristo wameipokea khabari ya kwamba wanyama waliletwa mbele ya Adamu, na jinsi alivyowaita ndivyo walivyoitwa. Zamani nilizidhani khabari hizi mbili kuwa ni moja, lakini mtu akizitazama kwa makini ataona kwamba katika ya kwanza majina yateremka kutoka juu, na katika ya pili yatoka kinywani mwa mwanadamu huku Muumba akisikiliza. Wafasiri wa Kiislamu nao walikhitilafiana, wengine wakisema ni majina ya kila kitu, wengine ya malaika, wengine ya dhuria wa Adamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa na rai ya kwamba maana ya jumla, kama vile ufarasi ulio katika farasi wote, ina namna tatu za kuwapo: kabla ya vitu, katika ilimu ya Mungu; ndani ya vitu vyenyewe; na baada ya vitu, katika akili ya mtu aliyeviona akavilinganisha. Kwangu mimi mgawanyo huu una faida moja kubwa, nayo ni kwamba lililomo akilini laweza kukosea na lililomo katika vitu lisidhurike hata kidogo.

Na makosa katika jambo hili yamekuwa mengi. Mwaka 1733 mwuza dawa wa mji wa Leipzig, jina lake Johann Heinrich Linck, alitoa kitabu kizima cha nyota za bahari, na kwa heshima yake kiumbe wetu wa vinundu vyekundu huitwa hata leo, katika lugha ya wataalamu, Protoreaster linckii. Miaka 25 baadaye Linnaeus wa Uswidi, alipovipanga viumbe vyote alivyovijua, alizitia nyota hizi katika jenasi moja, Asterias, akaiweka katika fungu la viumbe laini vya tabaka aliloliita la minyoo. Na katika fungu lilo hilo, majina machache tu juu yake, akamweka pweza. Hebu tulitue kidogo jambo hili. Bwana mkubwa yule wa elimu, katika nchi ya theluji, aliwakalisha pweza na kiti chake katika baraza moja, kama walivyokwisha kuwakalisha wavuvi wa pwani yetu ambao hakupata kuwasikia wala wao hawakupata kumsikia.

Waliokuja baada yake wakawatenga, tena mbali sana. Kiti cha pweza hakina ubongo, wala damu iliyo kama yetu. Chatembea kwa maji yasukumwayo katika mishipa mpaka kwenye vijiguu vilivyopangwa katika mifereji ya tumboni, na kinapokula hutoa tumbo lake nje na kulilaza juu ya chakula. Atazamaye hayo atasema kwamba hapana kiumbe aliye mgeni kwetu kuliko huyu. Lakini waliochunguza chanzo cha uhai wake waliona ya kwamba tundu la kwanza lifunguliwalo katika kiinitete huwa njia ya kutokea uchafu, na kinywa hufunguka baadaye, sawasawa na ilivyo kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Na kwamba akiwa mchanga, aeleapo baharini bila kuonekana kwa macho, hana ncha tano, bali ana upande wa kuume na upande wa kushoto kama mimi na wewe. Basi katika nasaba ya viumbe, kiti kile ni jamaa yetu wa karibu kuliko pweza mwenye macho yatutazamayo kwa akili. Nilipolisoma hili kwa mara ya kwanza nilikifunga kitabu, nikakaa kimya, kwa kuwa niliona nimepita miaka mingi kando ya ndugu bila ya kumpa salamu.

Ukoo wa kiumbe huyu huitwa Oreasteridae, jina alilolitoa Mmarekani Fisher mwaka 1908, na katika maji yetu una watu wake mashuhuri. Yuko huyo wa vinundu vyekundu. Yuko Pentaceraster, mwenye vinundu vingi na rangi zisizotulia. Yuko Choriaster granulatus, aliyenona, mwenye ncha za mviringo na ngozi isiyo na miiba, kama aliyefinyangwa kwa unga. Na yuko Culcita schmideliana, ambaye ndiye hasa aliyenifanya niandike makala haya. Huyu ncha zake zimemezwa na mwili, hata ukimwona mzima ni mviringo uliovimba, wenye pembe tano usizoziona ila ukimgeuza na kuitazama mifereji yake. Neno culcita katika Kilatini ni godoro au mto. Lakini mtoto wake ni bapa, mwembamba, mwenye pembe tano zilizo dhahiri, naye hafanani na mzazi wake hata chembe. Na wataalamu waliomwona mtoto huyo wasimwone akikua walimdhania kuwa ni jinsi nyingine, wakampa jina lake mwenyewe na mahali pake katika vitabu, na miaka mingi ikapita mtoto na mzazi wakikaa katika nyumba mbalimbali, mpaka walipopatikana wa umri wa kati, wakaonekana hatua kwa hatua jinsi ubapa unavyojaa na pembe zinavyozama.

Wako wasemao kwamba visa kama hivi vyatosha kuonyesha kuwa jinsi na koo ni kazi ya mikono yetu, na kwamba jana tuliwatenga, leo twawaunganisha, na kesho tutapanga vingine. Mimi naona kisa hiki chasema kinyume. Kama majina yangekuwa ni masanduku yetu tu, nani angeweza kutuambia kwamba tumekosea? Mtoto yule alikuwa akikua na kuwa mto kwa siri, chini ya matumbawe, siku zile zile alizoandikwa kuwa ni mwingine, wala kalamu ya mtaalamu haikumzuia. Kosa halipatikani pasipo na ukweli wa kukosewa.

Sisemi kwamba mipaka yote iko wazi. Mjerumani Döderlein, aliyeutumikia ukoo huu kwa saburi kubwa, ndiye aliyeitoa jenasi ya Protoreaster mwaka 1916, kwa kuwa aliona nyota za bahari yetu hazistahili kukaa katika Oreaster pamoja na zile za Atlantiki. Na alama anazotenganishwa nazo wetu na nduguye wa mashariki, Protoreaster nodosus, ni jambo dogo kama miiba itokezayo ubavuni karibu na ncha za mikono, ambayo wetu anayo na yule hana. Katika Pentaceraster shaka ni nyingi zaidi, na spishi hukaribiana hata mtu mwaminifu akasita. Kusita huko nakuheshimu. Malaika katika ile khabari hawakulaumiwa kwa kusema hawajui, na nimeona kwamba wapangaji bora wa viumbe ni wale waandikao jina kwa mkono mmoja na kushika kifutio kwa mkono wa pili.

Sisi wenyewe wa pwani, ambao twawatenga changu na tasi na chewa na kolekole, na kila mmoja twamjua kwa jina na kwa ladha, viumbe hawa wote tumewatosheleza kwa jina moja. Sioni aibu katika hilo, maana lugha huanza na sahani. Lakini naona huzuni niwaonapo wakikaushwa juani na kuuzwa kuwa pambo kwa wageni, kwa kuwa kilichokosa jina lake chenyewe ni chepesi kukosa mtetezi.

Bibi yangu alipokuwa amezeeka, na miguu ikimruhusu kushuka mara mojamoja tu katika bamvua kubwa, nilimletea Culcita niliyemkuta kwenye dimbwi la mwamba, nikamweka majini mbele yake, nikamwuliza hicho ni kiti cha namna gani. Sikumwambia neno la Leipzig wala la Kilatini, wala asingelitaka. Alimgeuza polepole kwa kijiti chake, akamtazama chini, akamrudisha kama alivyokuwa, akasema, "Hiki si kiti, mjukuu wangu. Huu ni mto wake." Kisha akaniambia niurudishe nilikoutoa, kwa kuwa maji yalikuwa yameanza kujaa.