Picha ya Sikukuu na Mwenye Sura

Kiswahili kina ukarimu mmoja ambao wenye kamera hawajaushukuru. Mtu aliyeketi mbele ya kamera, mikono juu ya magoti, na mtu aliyesimama nyuma yake, jicho moja amelifumba, wote wawili wakiondoka hapo husema: "Nimepiga picha." Lugha imewafanya washirika wa tendo moja. Swali ni kama watu wa leo, wasafiripo kwenda kula sikukuu na jamaa zao, wanauheshimu ushirika huo.

Zamani uliheshimiwa, na sababu haikuwa wema tu bali karatasi. Siku za Idi, Unguja, familia zilikwenda studio na nguo zao mpya. Mojawapo ni Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mpiga picha alibaki na filamu, mwenye sura akaondoka na picha yake. Kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, wapiga picha walitundika nyuma ya wateja wao mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Mfanyakazi aliyetoka bara alisimama mbele ya ndege asiyowahi kuipanda, kisha akaipeleka picha kwao. Kuna wanaoona kuwa ule ulikuwa uongo. La, ilikuwa salamu, na salamu haiapishwi.

Kutoka pwani hadi Ugalla, mkoani Katavi, ni safari ndefu, ila jambo ni lile lile. Tawi la reli litokalo Kaliua lilifikishwa Mpanda karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, likauvuka mto Ugalla katikati ya misitu ya miombo. Madini yaliondoka kwa njia hiyo, wenyeji wakabaki na reli. Siku hizi, ikaribiapo Krismasi au Idi, reli hiyo na barabara ya Tabora huwarudisha wana waliotawanyika mijini, na kila mmoja ana kamera mfukoni.

Mjukuu hufika na simu yake. Bibi huitwa atoke jikoni, ajifunge kitenge kizuri. Babu, mrina asali wa tangu ujana, huombwa asimame karibu na mzinga wa gome ingawa siku hiyo harini. Picha huwa thelathini, hamsini. Watu hukusanyika kukitazama kioo na kucheka, kisha simu hurudi mfukoni. Baada ya siku tatu msafiri huondoka, na sikukuu nzima huondoka naye.

Itasemwa kuwa picha hutumwa kwa mtandao. Hutumwa, ndiyo, kwa mwenye simu ya kuipokea, umeme wa kuichaji, na macho ya kuona uso mdogo kama punje ya mtama. Wapo wazee ambao picha pekee waliyo nayo mkononi ni ile ya kadi ya mpiga kura. Serikali, ambayo haikuja kula pilau nao, imewarudishia sura yao, mjukuu bado.

Itasemwa pia kuwa bibi hahitaji karatasi, maana anawakumbuka wajukuu wake kwa majina, na baadhi ya majina hayo amewapa yeye mwenyewe. Hoja hii ni nzuri, ila kwa kawaida hutolewa na yule aliyeondoka na picha. Nayo ina uzito mdogo zaidi pale Katumba, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao na watoto wao walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania kuanzia mwaka 2014. Anayekimbia kuokoa roho habebi albamu. Katika nyumba ya namna hiyo, picha ya sikukuu yaweza kuwa ya kwanza kuonyesha vizazi vitatu pamoja, na kuiachia simu ya kijana mmoja, inayoweza kuibwa stendi au kuangukia majini, ni kuikabidhi amana kwa mtu asiyejua kuwa amekabidhiwa.

Mjini Mpanda, kama katika miji mingine ya nchi, kusafisha picha moja hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji msafiri akumbuke kabla basi halijang'oa. Ikimfikia bibi, hajitazami yeye kwanza. Huhesabu watu kwa ncha ya kidole, mstari wa nyuma, mstari wa mbele, watoto walioketi chini, kisha huuliza ni nani aliyekuwa ameshika simu, kwa sababu huyo hayumo.