Mti wa Mpaka

Katika milima ya Kivu udongo ni mwema, lakini watu ni wengi na mashamba ni madogo. Kwa hiyo kila mmoja hulinda mpaka wake kama mboni ya jicho. Pengine mpaka ni mstari wa minyaa, pengine ni mfereji, pengine ni ua wa matete. Ni vitu vidogo. Lakini kwa ajili yake ndugu hukataa kusalimiana, na mapanga hutolewa nyumbani.

Tazameni jinsi ubaya unavyoanza. Mnyaa hushika upesi: tawi likichomekwa udongoni, hutoa mizizi. Basi mtu akifa na kuacha mjane, jirani mwenye tamaa hungoja mvua. Huchomeka matawi hatua mbili ndani ya shamba la mjane, kisha hung'oa yale ya zamani. Mwaka wa pili husema: «Mpaka ndio huu.» Watoto wa marehemu wangali wadogo, nani atawasemea?

Mwingine hagusi mpaka, lakini hupanda mikaratusi ukingoni kabisa. Miti hiyo hukua upesi na kunywa maji mengi, na kivuli chake huangukia maharagwe ya jirani. Mwenye miti apata mbao; jirani apata njaa. Naye hujibu: «Nimepanda kwangu.»

Je, hiyo ni dhambi? Amri ya saba yakataza kuiba, na ya kumi yakataza kutamani mali ya mwingine. Mwizi wa mbuzi huiba mara moja. Mwizi wa mpaka huiba kila mavuno. Ndiyo sababu Musa aliwakataza Waisraeli kuhamisha alama za mipaka, akaagiza mwenye kufanya hivyo alaaniwe mbele ya taifa zima. Na mzee aujuaye mpaka wa kweli, akasema uongo kwa sababu amenyweshwa pombe, avunja amri ya nane.

Wengine huwaza: «Nibatizwe kwanza, maji yatafuta yote.» Kweli, Ubatizo huondoa dhambi zote. Lakini anayeshika mali ya mwingine, wala hataki kuirudisha, hajatubu bado. Zakeo alipompokea Yezu nyumbani mwake, aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Tena Yezu afundisha kwamba mtu akiwa altareni, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake, aende kupatana kwanza. Angalieni vizuri: hakusema tu juu ya mtu mwenye hasira, amemwambia yule ambaye mwenzake amlalamikia.

Basi, mkatekumeni afanyeje?

Kwanza, amwendee jirani yake, wao wawili tu, mchana, pasipo panga wala pombe. Amsikilize mpaka amalize maneno yake.

Pili, wasipopatana, wawaite wazee wawili au watatu waliouona mpaka ukiwekwa. Wote watembee pamoja, kutoka juu ya mlima mpaka mtoni. Visiki na mizizi ya zamani hushuhudia. Shina nene na kijiti cha jana havifanani.

Tatu, ikishindikana, neno lipelekwe kwa wakubwa wa shirika, kisha kwa chefu. Kudai haki mbele ya mwamuzi si dhambi. Dhambi ni kutoa rushwa, kuloga, au kukata miti ya mwenzako usiku.

Mpaka ukiisha kujulikana, aliyekosa arudishe udongo na kulipa hasara. Aliyekosewa asamehe, asilitaje neno lile tena katika kila kilevi. Kisha wapande miti mipya pamoja, watoto wao wakitazama.

Katika nchi ya Tanzania, Wachaga wa Kilimanjaro hupanda sale mipakani. Mtu akimkosea mwenzake, humpelekea jani la sale hilo hilo kuomba msamaha, na kwa desturi ombi hilo ni vigumu kukataliwa. Mti mmoja watenga mashamba, nao huo wapatanisha watu. Wazee wale hawakuona kwamba mpaka na amani ni maadui.

Sheria ya Kongo ya mwaka 1973 yasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Na zamani sana Mungu aliwaambia Waisraeli kwamba nchi ni yake, nao ni wageni wake tu. Abrahamu aliyajua hayo. Wachungaji wake walipogombana na wachungaji wa Loti, yeye aliye mkubwa alimwachia mdogo achague kwanza; wala Mungu hakumwacha apungukiwe.

Kwa hiyo, kabla ya Pasaka kufika, kila mkatekumeni auzunguke mpaka wa shamba lake. Penye mti uliopandwa kwa hila, aung'oe kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo aje kisimani pa Ubatizo, na mjane jirani yake aweze kuitika Amina kwa moyo mweupe.